Kuhesabu Kuanzia Sifuri

Ukipanda gari mjini Embu kwenda Meru, msomaji wangu, utapita Runyenjes, Chuka na Nkubu. Ukihesabu kwa vidole kuanzia Embu, Chuka ni mji wa tatu. Kompyuta itakwambia ni 2, kwa maana kwake Embu ni 0. Tena kati ya Runyenjes na Chuka uko mto Thuci, ambapo hapana abiria ateremkaye. Nao ukiandikwa katika orodha, kompyuta huuhesabu.

Hayo niliyajua kwa hasara. Mimi ni mwalimu wa chuo cha ualimu, na miaka michache iliyopita nilitunga, kwa lugha ya Java, programu ya kutunza alama. Menyu yake ilikuwa na amri nne: Fungua, Hifadhi, Chapa, na Futa Zote. Hii ya mwisho ni ya kuogofya, basi niliagiza kwamba kitu kilicho katika nafasi ya 3 kifungwe, kisibonyezeke. Kikafungwa, nami nikalala usingizi mwema.

Baadaye niliona vema kuitenga amri ile na wenzake kwa mstari mwembamba. Mstari ukashika nafasi ya 3, Futa Zote ikasogea hadi 4. Programu, kwa utiifu wake, ikaufunga mstari bila kunung'unika. Jioni moja mwenzangu aliketi kuandika alama. Mkono ukateleza, na alama za muhula mzima za darasa moja zikatoweka. Tulizunguka mabwenini tukiomba karatasi za mtihani zirudishwe. Kijana mmoja, ambaye zake zilikwisha kutupwa, alirudia mtihani kwa kosa langu. Hakunilaumu, nami naona haya hata leo.

Sasa sikariri nafasi, nauliza. Programu huanza na 0, huenda mpaka idadi ya vitu vyote kasoro moja, mistari ikiwamo, na kwa kila kimoja huuliza: je, ndicho? Kikipatikana hutoa namba yake. Kisipopatikana hutoa -1. Wala sikitafuti kwa jina. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, ambayo menyu zake zilikuwa za Kiswahili. Aliyetafuta humo amri kwa jina la Kiingereza asingeipata. Mimi hulinganisha kitu na kitu chenyewe.

Programu ile ingali ikitumika chuoni. Kila niifunguapo, jicho langu hutangulia kwenye ule mstari.