Wiki Mbili za Baba

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa baba wiki mbili za likizo mtoto wake anapozaliwa, tena kwa mshahara kamili. Mama anapewa miezi mitatu. Nilipopeleka fomu yangu ofisini, jamaa wa dawati la pili alicheka: "Wiki mbili za kulala, bro. Wewe jienjoy tu."

Hakuwa na nia mbaya. Ndivyo wengi wetu tulivyokulia: baba ananunua beseni, mama anajua cha kufanya nalo. Lakini hii ilikuwa mimba ya kwanza ya mke wangu, naye ni kitinda mimba kwao. Hakuwa amewahi kumwogesha mtoto mchanga hata siku moja. Usiku alikuwa akiniuliza, "Na nikimshika vibaya?" Watu hudhani ujuzi huo huja pamoja na mimba. Hauji. Mtu hufundishwa.

Nikaanza kwenda naye kliniki. Siku ya kwanza wanaume tulikuwa wawili pale, na mwenzangu alikuwa soja wa mlangoni. Nesi alitufundisha kwa mwanasesere na beseni tupu. Maji yajaribiwe kwa kiwiko, maana kiganja kimezoea sufuria moto. Kichwa na shingo vishikiliwe muda wote. Mtoto asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita, kwani mwili wake bado haujaweza kujipasha joto. Alazwe chali. Anyonye kila anapotaka, mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo, na asipewe kitu kingine, hata maji, hadi atimize miezi sita. Kitovu kipakwe dawa ya hospitali, basi, na nepi ikunjwe ibaki chini yake.

Niliandika yote kwenye simu. Nyumbani tukafanya mazoezi na pakiti mbili za unga zilizofungwa kwa leso. Jirani alikuja kuomba chumvi akanikuta nikiubembeleza unga. Alisahau chumvi.

Msichana wetu alizaliwa Jumanne alfajiri. Siku ya tatu mamangu akafika kutoka Mwingi na kuku wawili, na mtoto alipolia tu, akauliza maji ya sukari yako wapi.

"Mama, tuliambiwa asipewe maji."

"Wewe ulipewa. Si uko hapo?"

Hoja hiyo haina jibu, kwa sababu ni kweli, niko hapa. Na nani anataka kumwambia mamake kwamba alilea vibaya? Mke wangu alinyamaza. Si rahisi kumkatalia mama mkwe aliyesafiri na kuku kwa ajili yako. Aliyepaswa kusema ni mimi. Nikasema, mara ya pili, kwa sauti ya chini. Mama akaenda jikoni bila neno.

Jioni nilikuwa nikibadilisha nepi alipokuja kusimama nyuma yangu. Akakitazama kitovu.

"Hampaki kitu?"

"Dawa ya hospitali tu, Mama."

Akakaa kitandani. Ndipo akaniambia jambo ambalo sikuwa nimewahi kulisikia: mimi si kifungua mimba wake. Kulikuwa na msichana kabla yangu. Alizaliwa nyumbani, kitovu kikapakwa majivu, kama cha kila mtoto pale kijijini. Siku ya saba akaacha kunyonya. Mwili ukakakamaa. Siku ya tisa wakamzika. Watu wakasema ni jicho baya.

Dalili hizo zina jina: pepopunda. Mke wangu alidungwa sindano za kuikinga akiwa mjamzito, na zimeandikwa kwenye kitabu cha kliniki. Nilimfungulia mama ukurasa huo. Akapitisha kidole juu ya tarehe, moja moja.

"Sindano tu?"

"Na wembe safi. Na kitovu kisipakwe vitu."

Hakulia. Alinisogeza kando, akaikunja ile nepi upya, chini ya kitovu, vizuri kuliko mimi.

Kuanzia hapo tuligawana ualimu. Mimi nilikuwa na ya nesi. Yeye alikuwa na yale ambayo hayakuwa kwenye simu yangu: kutofautisha kilio cha njaa na cha usingizi, kumfunga leso bila kumbana, kumpigapiga mgongoni hadi abeue, na kumwambia mke wangu saa tisa usiku, "Lala, mimi niko macho," na kweli akawa macho. Kitovu kilianguka siku ya nane. Maji ya sukari hayakutajwa tena.

Asubuhi ya kurudi kazini, nilikuwa nikifunga kamba za viatu nilipomsikia mama kwenye simu. Alikuwa akiongea na jirani yake wa kule nyumbani, ambaye binti yake alikuwa karibu kujifungua. Sauti ilikuwa juu, kama ya mwalimu wa zamu.

"Majivu hapana. Maji pia hapana, mpaka miezi sita. Na huyo kijana amempa mimba, mwambie waende kliniki pamoja."

Akasikiliza kidogo.

"Eeh, hata wanaume. Wanafundishika."