Ulanga Mgongoni

Mama hakuwa na haja ya kutuuliza tumetoka wapi. Alitugeuza tu, akatutazama migongo. Mchanga wa Mto Morogoro una ulanga, yale madini yang'aayo kama vioo, na chenga zake hazitoki kwa kujifuta na fulana. Ukioga Kwa Mkuyu mchana, jioni mgongo bado unametameta, na fimbo unaijua.

Kwa Mkuyu ni jina letu watoto. Palikuwa juu kidogo ya mji, pale mto unaposhuka kwa kasi kutoka milima ya Uluguru, kisha unatulia nyuma ya jabali. Miaka ya 1980 palikuwa na kina hasa: mjomba, mtu mrefu, akisimama katikati maji yalimfika kidevuni. Yeye ndiye aliyenifundisha kuogelea. Alinipa kipande cha mgomba nikikumbatie, akanisukuma. Siku ya tatu akaninyang'anya. Nilikunywa maji, nikapiga miguu, nikafika ng'ambo natetemeka meno, nikalala kifudifudi juu ya jabali lenye joto.

Oktoba 2022, Dar es Salaam ilipoingia kwenye mgao wa maji, nilikuwa napanga madumu barazani nikaukumbuka mto ule. Maji yake huingia Ngerengere, Ngerengere huingia Ruvu, na Ruvu ndio unaotunywesha sisi wa Dar. Shule zilipofungwa, nikamchukua binti yangu nikamwonyeshe.

Jabali lipo. Mkuyu haupo. Mahali ambapo mjomba alizama mpaka kidevuni, binti yangu alisimama na maji hayakumfika magotini. Chini pamejaa mchanga na udongo, na ng'ambo karoti na kabichi zimeshuka mpaka ukingoni.

Nilitafuta wa kumlaumu, nikajikuta mimi. Shamba lile ni letu, la upande wa mama, kama ilivyo desturi ya Waluguru. Mjomba aliukata mkuyu mwaka nilipofaulu kwenda sekondari ya bweni, ili apate nafasi ya kulima. Karoti za pale, alizozibeba mama kichwani alfajiri kwenda sokoni mjini, zilinilipia ada, godoro na sanduku la bati. Kila masika mvua iliondoka na udongo tulioutifua, ikaushusha tulipokuwa tukiogelea. Kina kile ndicho kilichonisomesha.

Mwaka 1955 Waluguru waligoma kuchimba matuta waliyolazimishwa na serikali ya kikoloni kwenye miteremko hii. Nyumbani habari hiyo husimuliwa kwa fahari, nami fahari hiyo naielewa. Kinachoniuma ni kwamba baada ya kuikataa njia ya mkoloni, sisi wa shamba lile hatukutafuta ya kwetu ya kuushika udongo.

"Mjomba," nikamwambia tulipomkuta shambani, "sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka tuache mita 60 kutoka mtoni."

Akageuka, akapandisha macho mteremkoni taratibu, kama anayehesabu hatua. "Mita 60 zinaishia pale lilipokuwa jiko la bibi yako. Sasa niambie, mjomba, tulime wapi?"

Nimekula na kusoma kwa shamba lile, na leo nakaa mjini nikiyasubiri maji yake. Sikuwa na jibu la kumpa. Tulipoaga alitufungia karoti, fungu kubwa, na udongo wake.

Usiku huo maji yalitoka bombani. Niliziosha karoti kwenye beseni, na nilipoyamwaga maji, chini pakabaki mchanga. Binti yangu akamulika na simu.

"Mbona unang'aa?"

Nikamwambia huo ni ulanga, na kwamba zamani bibi yake alinikamata kwa huo. Kisha nikamgeuza, nikamtazama mgongo. Haukuwa na kitu.