Mpwa wangu, mbuzi sijauza

Bisil

Kwako mpwa wangu,

Huku mvua imenyesha kidogo, nyasi zimechipua, na yule ng'ombe wa mama yako mwenye baka jeupe amezaa ndama jike. Lililonifanya nishike kalamu ni jingine. Kwenye simu wewe huniambia "sawa mjomba" kabla sijamaliza, na barua angalau utaisoma ukiwa peke yako.

Uliponiomba nikuuzie mbuzi wako wawili nikutumie shilingi 12,000, sikushtuka. Kijana anayeishi Kitengela ana kodi, ana stima, ana tumbo. Kilichonishtua ni maneno ya mwisho: "Usimwambie mama." Nimeuza na kununua mifugo katika soko la Bisil tangu hujazaliwa, na mbuzi anayeuzwa kwa kunong'onezana huwa ni wa wizi. Ndiyo maana nilikukazia mpaka ukanitumia picha za mazungumzo yako na hao wanaojiita Illuminati. Asante kwa kunitumia. Najua haikuwa rahisi.

Nimeyasoma yote mara mbili, miwani puani. Mtu anajiita Mkuu wa Udugu, anasema yuko London. Anakuahidi milioni tano za kuanzia na gari. Kwanza akataka 3,500 za fomu, ukatuma. Siku mbili baadaye anataka 12,000 za pete na joho. Sasa tazama ile risiti ya M-Pesa uliyonipa mwenyewe: aliyepokea ni mwanamke mwenye jina la hapa hapa Kenya, kwa laini ya kawaida inayoanza na 07. Chama kinachotawala dunia kimekosa akaunti ya benki? Na kama anazo milioni tano za kukupa, mbona asikate 12,000 humo humo akakutumia zilizobaki? Hata dalali wa ng'ombe, na unajua sina mapenzi na dalali, hukata chake baada ya mauzo.

Hao Illuminati walikuwepo kweli. Mwalimu mmoja wa sheria, Adam Weishaupt, aliwaanzisha tarehe 1 Mei 1776 huko Ingolstadt, Bavaria, katika Ujerumani ya leo. Walikuwa wasomi waliochoshwa na utawala wa makasisi juu ya mambo ya elimu. Mtawala wa Bavaria akavipiga marufuku vyama vya siri mwaka 1784 na 1785, na kikundi kikafa. Hakikufikisha hata miaka kumi. Lile jicho juu ya piramidi alilokutumia huyo bwana limetoka kwenye muhuri wa taifa la Marekani wa mwaka 1782, na lipo katika noti ya dola moja tangu 1935. Ukilitaka, nenda Namanga mpakani, wabadilisha fedha watakuuzia.

Naona pia anachanganya majina: asubuhi ni Illuminati, jioni ni Freemason. Freemason wapo, na hawajajificha kama unavyodhani. Jumba lao Nairobi liko Nyerere Road. Nilipokuwa kijana kama wewe nililinda ua mmoja jirani na hapo, zamu ya usiku. Nilikuwa nimesikia kwamba humo watu hunywa damu, kwa hiyo wiki ya kwanza nilikaa na rungu mapajani. Nilichoona ni wazee waliovaa suti nyeusi, kila mmoja na kibegi bapa, wakiingia jioni na kutoka baada ya chakula. Madereva wao walikuja kuota moto wangu na kulalamika kwamba wanacheleweshwa. Mzee mmoja aliwahi kukosa gari, akaniomba nimtafutie teksi, kisha akabishana bei na dereva kwa dakika kumi nzima. Hapo ndipo hofu iliponitoka.

Tanzania nako utapeli kama huu umekula pesa za watu wengi. Lakini mkubwa wa Freemason wa huko alijulikana kwa jina na sura: Sir Andy Chande, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1928 na kukulia Bukene, upande wa Tabora. Aliwahi kuongoza Freemason wa Afrika Mashariki yote, na akaandika habari za maisha yake kitabuni bila kificho. Utajiri wa familia yake ulitokana na viwanda vya kusaga nafaka. Mwaka 1967 serikali ya Mwalimu Nyerere ilivitaifisha, na wakati huo Chande alikuwa Freemason wa miaka mingi. Udugu haukumrudishia hata jiwe moja la kusagia. Alichofanya ni kukubali kazi ya kusimamia shirika la umma la usagaji. Freemason wakikupokea, wewe ndiye unayelipa ada kila mwaka. Hawamgawii mtu milioni.

Hapa kwetu hofu ya mambo haya ni ya siku nyingi. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani, mwenyekiti akiwa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri, na ripoti yake ikafikishwa bungeni mwaka 1999. Nakumbuka wazazi walivyowaficha watoto. Sasa nyinyi watoto wa wazazi wale mnatafuta mlango wa kuingilia! Nikiwaza naona anayewaogopa hao watu wa siri na anayewatamani wanaamini jambo lile lile, kwamba iko ofisi mahali fulani inayogawa utajiri.

Uliniandikia habari za yule jirani yako mwenye Prado mbili, kwamba "lazima amejiunga." Mpwa wangu, babake yule nilimjua. Alikuwa mwanachama wa ranchi ya kikundi ya Kitengela, iliyogawanywa mwaka 1988. Alipata shamba lake, kijana akalirithi, akalikata ploti moja baada ya nyingine kadiri watu wa Nairobi walivyokuja kujenga. Magari yale ni ekari za mzee. Zikiisha, sijui atauza nini. Utajiri wa Kitengela una hatimiliki, una dalali, una tarehe. Ukifuatilia utaupata ulikotoka.

Usidhani nakucheka. Mwaka 2006, wakati ile michezo ya kuzidisha pesa ilipoenea Kenya nzima, niliuza fahali watatu nikaingiza pesa kwenye mchezo mmojawapo. Aliyeniingiza aliniambia nafasi ni chache, nisiwaambie watu wenye maneno mengi. Mwenye maneno mengi nyumbani kwangu ni mke wangu, basi sikumwambia. Nikamdanganya kwamba fahali nimewakopesha. Kama ningemwambia, angeniuliza swali moja tu: hiyo faida wanaitoa wapi? Nami nisingekuwa na jibu, na fahali wangebaki zizini. Mwaka uliofuata ofisi ya mchezo ule ilifungwa kwa kufuli. Nilisimama mlangoni na watu wengine tukitazamana, kila mmoja akiona haya kumuuliza mwenzake ametoa ngapi.

Ile siri niliyoambiwa niitunze haikuwa ikimlinda yeyote ila tapeli, na ilimlinda dhidi ya mke wangu. Ya kwako inamlinda dhidi ya mama yako. Ulipotahiriwa, kuna mambo mliyofundishwa vijana ambayo mama hakuyasikia, na ndivyo inavyopaswa. Lakini alijua ni siku gani, ni boma la nani, na ni wazee gani waliosimama nawe. Alipika na kuimba. Mwulize huyo wa London: wazee wake ni nani?

Pesa zinaniuma kidogo. Kinachonitia hofu zaidi ni ile picha uliyomtumia huyo bwana, umeshika kitambulisho karibu na uso. Mtu akiwa nayo anaweza kujaribu kusajili laini kwa jina lako au kuomba mkopo. Leo hii bonyeza *106# uone ni namba ngapi za Safaricom zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, nenda dukani kwao wakaifunge. Ujumbe wa hao matapeli utume kwa namba 333. PIN ya M-Pesa ibadilishe hata kama unaapa hukuitoa. Kisha upige ripoti polisi, na yale mazungumzo usiyafute, ndiyo ushahidi. Zile 3,500 zihesabu zimekwenda. Na akitokea mwingine kukwambia anaweza kukurudishia kwa ada ndogo, huyo ni ndugu yake yule wa kwanza.

Najua shida ni kazi. Ulisoma, una cheti, na miezi inapita ukibeba mawe ya mjengo siku wakikuita. Hilo tutalizungumza ana kwa ana, na mama yako akiwepo.

Mbuzi sijauza. Wapo, na mmoja ana mimba. Kama bado unaamini huyo bwana, mwandikie hivi: pesa ziko tayari, taslimu, na utazileta mwenyewe mlangoni pa jumba lao Nyerere Road ukifuatana na mjomba wako anayepajua. Nauli ya wote wawili nitalipa mimi. Halafu unipigie uniambie amejibu nini.

Mimi mjomba wako.