Programu na Tembe

Ukitaja programu za kompyuta wengi hudhani unazungumzia mambo ya Dar es Salaam. Mimi mzaliwa wa Chemba nasema yanatuhusu na sisi, tena sana, maana wilaya yetu yenyewe ni mtihani uliozishinda baadhi ya programu.

Mwaka 2012 Chemba ilimegwa kutoka Kondoa. Kwa mwananchi lilikuwa jambo la furaha. Kwa programu, balaa! Wakati ule nilikuwa na kibarua kwenye kampuni moja ambayo sitaitaja. Tulikuwa na programu ya kuhesabu dawa, na majina ya wilaya yalikuwa yameandikwa mle mle kwenye maagizo yanayoiendesha, kama jina lililochorwa kwenye saruji mbichi. Ili kuongeza neno moja tu, "Chemba", ilibidi asakwe fundi aliyeiandika, naye alishahama zamani. Bosi akasema, "Andikeni Kondoa hivyo hivyo, nani atajua?" Basi zahanati za kwetu zikaendelea kuhesabiwa kwa jirani. Sasa asiyehesabiwa kwao atadai dawa kwa nani?

Linganisha na DHIS2, programu ya takwimu za afya iliyoenezwa nchini mwaka 2013. Mizizi yake iko Afrika Kusini, baada ya utawala wa ubaguzi kuanguka mwaka 1994, pale huduma za afya zilizogawanywa kwa rangi za watu zilipotakiwa kuunganishwa. Wataalamu wa huko na wenzao wa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, waliona mipaka ikibadilika mbele ya macho yao. Ndiyo maana ndani ya DHIS2 wilaya, zahanati na fomu ni taarifa kama taarifa nyingine. Mtumishi mwenye ruhusa anaihamisha zahanati kutoka wilaya hii kwenda ile, wala hamsumbui fundi.

Kwa bibi yangu tulikuwa na tembe. Kijana akioa, chumba kinaongezwa ubavuni, na hakuna anayebomoa nyumba nzima. Mjenzi wa tembe hajui familia itakua lini, ila anajua itakua. Programu nzuri hujengwa kwa akili hiyo: kinachobadilika mara kwa mara kinaachwa mikononi mwa mwenye nyumba.

Lakini fundi atajuaje ni kipi kitabadilika? Hapo ndipo vikundi vyetu vinapokwama. Siku moja nilifika zahanati moja upande wa Kwa Mtoro. Nikamkuta muuguzi, mama wa makamo, ameongeza safu kwa biki na rula pembeni mwa kitabu cha MTUHA.

"Shikamoo mama. Hii safu ni ya nini?"

"Marahaba, mwanangu. Wagonjwa wangu wengi wanatoka ng'ambo ya mpaka. Fomu yenu inauliza wametibiwa wapi, haiulizi wanatoka wapi. Nyie mnatujengea nyumba, mlango mnauweka mnapopenda nyie."

Nilipoipeleka safu ile ofisini, wengine walicheka: ati muuguzi atufundishe programu! Mimi niliona ni kazi ya usanifu iliyokwisha kufanywa, tena bure.

Mwaka 2001, waandishi wa programu 17 walikutana Snowbird, Marekani, wakaandika ilani fupi: watu na mazungumzo yao vipewe uzito kuliko taratibu na zana, na kuitikia mabadiliko kuliko kung'ang'ania mpango. Siku hizi ilani hiyo inasomwa sana maofisini. Vijana wanasimama kila asubuhi na kuripoti, ukutani wamebandika vikaratasi vya rangi, lakini wanaoripotiana ni wao kwa wao. Huko ni kucheza ngoma bila mwenye harusi.

Kikundi ninachofanya nacho kazi sasa kinapeleka kipande kidogo kwa watumiaji kila baada ya wiki mbili. Wanakijaribu, wanatusema, tunarekebisha. Inachosha, lakini hakuna anayeficha safu yake ya biki.

Kwa hiyo, vijana wenzangu mnaoandika programu, mwiteni muuguzi kwenye kikao cha kwanza. Msingoje siku ya mafunzo, kuta zimeshakauka.