Nuru ya Roho, Maana Yake Nini?



Liko neno moja ambalo Wakristo twalitumia mno, hata limekuwa kama sarafu iliyopita mikono mingi, chapa yake haisomeki tena. Neno lenyewe ni "kuangaziwa". Twasema, fulani ameangaziwa. Twasema, zamani tulikaa gizani, sasa tumo nuruni. Basi yafaa tuulize: aangaziwaye apata nini hasa? Na jirani asiyesali pamoja nasi, je, yeye hana nuru yo yote?

Swali hili si la wenye elimu peke yao. Huku kwetu Katavi, mkoa uliotengwa na Rukwa mwaka 2012, wakaa pamoja Wabende, Wapimbwe na Wakonongo, na Wasukuma waliokuja na ng'ombe zao, na wale waliokimbia Burundi mwaka 1972 wakapewa makao Katumba, na baadaye Mishamo. Alfajiri twasikia adhana, kisha kengele. Katika ukoo mmoja wamo wenye tasbihi na wenye rozari. Nyumbani mwetu kijana mmoja, alipokuwa akijifunza katekisimu, alimwambia bibi yake mzaa mama, aliye Mwislamu, ya kwamba siku ya ubatizo atatoka gizani. Yule mama akanyamaza kitambo, kisha akatugeukia sisi wazee wa nyumba, akasema, "Kumbe miaka yote hii nimemlea mjukuu wangu gizani?" Naye ndiye aliyemfundisha kusema kweli na kuwaamkia wakubwa. Ndipo tulipoona ya kuwa neno lisilopimwa laweza kukata undugu kuliko panga, tukaanza kulichunguza.

Tulianza na dini yetu wenyewe. Wakristo wa kwanza waliuita ubatizo kwa jina hilo hilo la kuangaziwa. Justino Shahidi aliliandika jambo hili katika karne ya 2. Lakini tazameni habari za Sauli katika njia ya Dameski. Nuru ilimwangusha chini, ikamwacha kipofu siku tatu. Hakuona tena mpaka Anania, mmoja wa watu wale aliokuwa akienda kuwafunga, alipomwekea mikono na kumwita ndugu. Basi kwa Sauli nuru haikuwa kwanza kujua mambo mengi. Ilikuwa kujua ya kuwa hakuona, kisha kuwekewa mikono na mtu aliyemdharau.

Kisha tukawauliza ndugu zetu Waislamu. Wakatuambia habari za Sura ya Nuru, iliyo ya 24 katika Kurani, yenye mfano wa taa iliyowekwa katika shubaka ya ukuta, ndani ya kioo. Mwanachuoni Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika kitabu kizima juu ya mfano huo. Mtu huyu alikuwa mwalimu mwenye sifa kubwa huko Baghdad. Lakini mwaka 1095 aliacha kiti chake cha heshima, maana aliona ya kuwa alifundisha kwa kutafuta jina. Tena alisimulia ya kwamba shaka zake hazikuondolewa kwa hoja, bali kwa nuru ambayo Mungu aliitia kifuani mwake.

Watu wa Bara Hindi nao wana habari zao. Jina "Buddha" maana yake ni "aliyeamka". Husimuliwa ya kwamba alizaliwa katika nyumba ya watawala, akaacha raha zote, akakaa chini ya mti huko Bodh Gaya mpaka akaielewa asili ya mateso na njia ya kuyakomesha. Alipoamka hakubaki chini ya mti. Alizunguka akifundisha watu mpaka uzee wake.

Na kwetu je? Kando ya Ziwa Katavi, ndani ya Hifadhi ya Taifa iliyowekwa mwaka 1974, uko mkwaju ambao wenyeji wauheshimu. Wazee husimulia ya kwamba hapo hukaa roho ya Katabi, mwindaji wa zamani, ambaye nchi yachukua jina lake; na wako watu wanaoweka sadaka chini ya mti huo wakiomba baraka. Mkristo haombi kwa Katabi. Ibada yake ni ya Mungu peke yake. Lakini haimpasi kucheka. Mtu asimamaye chini ya mkwaju kuomba amekwisha kukiri ya kuwa nchi si mali yake, wala nguvu zake hazimtoshi. Ungamo hilo si giza tupu.

Hapa wasomaji wengine watasema, "Basi dini zote ni moja." La, hatusemi hivyo, maana si kweli, na heshima isiyo na kweli ni kubembelezana tu. Mkristo asema ya kuwa Nuru ni Mwana wa Mungu mwenyewe aliyekuja kwetu. Mwislamu hakubali neno hilo. Kwake nuru ni uongofu ambao Mungu humpa amtakaye. Wafuasi wa Buddha hawamngojei Muumba awaangazie; wao huifuata njia ya nidhamu na kutafakari. Mambo haya hayachanganyiki kama uji. Hata hivyo twaona jambo moja katika habari zote: aliyeangaziwa kweli hupungukiwa na majivuno, naye huwarudia watu ili awatumikie.

Tuwape mifano miwili, wote wawili watu waliouzwa utumwani wangali wadogo.

Wa kwanza ni Adrien Atiman, tabibu wa Karema, mkoani mwetu kando ya Ziwa Tanganyika. Alizaliwa karibu na mto Niger, yapata mwaka 1866, akaibwa na kuuzwa, kisha akakombolewa na Mapadri Weupe. Alisoma uganga huko Malta, akafika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880, akawatibu watu na kuwafundisha dini zaidi ya miaka 60, mpaka alipofariki mwaka 1956. Wa pili ni Sheikh Yahya bin Abdallah, aitwaye Sheikh Ramiya. Yeye alizaliwa Umanyema, ng'ambo ya ziwa letu, akapelekwa Bagamoyo akiwa mtumwa. Huko alijifunza elimu ya dini hata akawa mwalimu mkuu wa tarika ya Qadiriya, na watu huru wakaketi miguuni pake kusoma. Alifariki mwaka 1931.

Fikirini, ndugu. Watu hawa walikuwa na sababu ya kuwachukia wanadamu wote. Kila mmoja aliipokea nuru katika dini yake, wala hawakuungama imani moja. Lakini mmoja alishika dawa na mwingine alishika kitabu, na aliyeuzwa kama mbuzi akawa baba wa wengi. Nani atakayethubutu kusema ya kuwa huyu wa Bagamoyo alitembea gizani tu?

Basi yule mama tulimjibu hivi: "Dada, kijana huyu atabatizwa, maana twaamini ya kuwa Kristo ndiye Nuru, wala hatuwezi kulificha neno hili kwa ajili ya kukupendeza. Lakini ile kweli uliyomfundisha haikutoka gizani. Mungu aliitumia mikono yako kumtayarisha." Kijana naye tulimwagiza aende akamwombe radhi bibi yake kabla ya siku ya ubatizo. Akaenda. Yule mama hakubadili dini, wala hatukumdai abadili. Ila siku ile alipika pilau kwa mikono yake mwenyewe.

Nanyi walimu, mnapowafundisha wanafunzi habari ya giza na nuru, wafundisheni kulitafuta giza kwanza mioyoni mwao, katika uwongo, uchoyo na kinyongo, kabla ya kulitafuta nyumbani kwa jirani. Nanyi wazazi, kumbukeni koroboi ya zamani. Iliwekwa mezani ili wote waone chakula. Aliyeiinua mbele ya macho ya mwenzake alimtia kiwi tu. Wahenga walisema, chema chajiuza. Tukiwa tumeangaziwa kweli, jirani zetu watajua kwa matendo yetu, kabla hatujafungua vinywa.

Mungu awabariki nyote na nyumba zenu.