Mguu wa Mjomba

Juzi tulikuwa tumekaa Kinondoni na marafiki, tukaanza ule mchezo wa kuulizana: ukipewa usiku mmoja tu wa burudani, ukaambiwa chagua yeyote, aliye hai au aliyekufa, ungemwangalia nani? Majibu yakamiminika. Mmoja akamtaka Remmy Ongala. Mwingine akasema Michael Jackson, tukamzomea kidogo kwa kukosa uzalendo. Dada mmoja akamtaka King Majuto, akaanza kucheka kabla hata hajamaliza kulitaja jina. Zamu yangu ilipofika nikasema Lufufu, na nikafurahi kimoyomoyo kuona wawili kati yao hawamjui.

Nilidanganya. Si uongo mkubwa, maana Lufufu nampenda kweli. Ila siye. Ninayemtaka siruhusiwi kumtaja, na hata ningeruhusiwa, ushahidi nilionao ni mguu mmoja uliovimba.

Ngoja nianze na Lufufu. Mimi ni mtu wa Mnyambe, huko Newala, juu ya uwanda wa Makonde, ambako maji ni shida na korosho ndiyo benki. Msimu wa korosho ukifika, hela inaonekana, na hela ikionekana, kibanda umiza kinafufuka. Jenereta linanguruma nje, ndani tumebanana kwenye mabenchi, joto, jasho, mkanda wa VHS una chenga. Na juu ya sauti za wale Wachina wanaopigana, inasikika sauti ya Lufufu akitutafsiria kila kitu kwa Kiswahili, vitu ambavyo hata kwenye filamu havimo. Jina lake kamili ni Derek Gaspar Mukandala, hilo nimelijua ukubwani. Wakati ule alikuwa sauti tu. Jambazi akifa, Lufufu anampa pole. Mzungu akila, anatuambia anakula nini na kama ameshiba. Tulitoka pale tukiigiza sauti yake, hakuna aliyeigiza ya muigizaji.

Nyumbani kwa bibi kulikuwa na redio ya mkulima, betri zake zinaanikwa juani zikichoka. Tulisikiliza Twende na Wakati, ule mchezo ulioanza Radio Tanzania mwaka 1993, na bibi alikuwa na ugomvi wa kudumu na Mkwaju, dereva wa lori. Alimtukana kwa jina, usoni kabisa, yaani kwenye spika. Ukimwambia bibi, huyo ni mtu tu yuko studio anasoma karatasi, anakuangalia kama umepotoka.

Kwa hiyo hiyo ndiyo ladha yangu, ukiipanga kwenye meza: napenda wasanii nisiowaona. Na upande wa pili wa ladha hiyo ni chuki ambayo sijivunii. Msanii akisimama kusema "mikono juu, nataka kusikia kelele," mimi naangalia saa. MC wa harusi akianza kuwalazimisha watu wacheke, natoka nje kujifanya napokea simu. Sikuzaliwa hivi. Mimi mwenyewe nimepanda jukwaani, mara mbili zinazohesabika.

Mara ya kwanza nilikuwa darasa la tano. Kulikuwa na mgeni rasmi anakuja kufungua madarasa, na shule ikaamua tumchezee sindimba. Sasa, sindimba nani asiyeijua kwetu? Umeiona tangu uko mgongoni mwa mama. Ngoma ziko kati, ndogo zile zinazochomekwa ardhini na kubwa zinazopigwa kwa viganja, watu wanazunguka, njuga miguuni, viuno vinafanya kazi yake. Mwalimu wetu alikuwa anatoka mkoa mwingine, mtu mwema tu, lakini alipoona tunazunguka akapiga filimbi. Haiwezekani kumpa mgeni rasmi mgongo. Akatupanga mistari miwili, tumkabili mgeni, tutabasamu. Viuno akasema tupunguze, kisha mratibu mmoja akaja akasema tuongeze, mgeni anapenda.

Tukacheza. Nakumbuka nimetabasamu mpaka mashavu yakauma. Mgeni akatunza noti, picha zikapigwa, tukanywa soda. Jioni bibi akaniuliza, kwa upole kabisa, "Mlikuwa mnamchezea nani?" Nikamwambia mgeni rasmi. Akasema, "Ahaa," akaendelea kupepeta mahindi. Nimekuja kufanya kazi ya uandishi wa habari miaka zaidi ya kumi, nimeuliza maswali mawaziri, na bado sijawahi kuuliza swali fupi kama lile likaacha shimo kubwa vile.

Sasa midimu. Msomaji wa Dar ukisikia kinyago cha Kimakonde unafikiria yale ya mpingo pale Mwenge, ujamaa umepandiana mabega. Hayo ni ya kuuza. Midimu ni vinyago vya kuvaliwa na kuchezwa. Vijana wakitoka jandoni, sherehe ikikolea, anatokea mtu, au kitu, amefunikwa mwili mzima kwa nguo, uso ni wa mti. Watoto tuliambiwa ni mfu amefufuka kuja kufurahi nasi. Wanawake wanapiga vigelegele huku wanakimbia, na sisi tunakimbia bila vigelegele. Mambo mengine ya huko jandoni nitayaruka, na wenzangu wa kusini mnajua kwa nini.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka kama tisa. Alitokea mmoja, kinyago cha mzee mwenye mdomo mkubwa uliopinda kidogo, na alicheza mambo ambayo sijayaona tena kokote, si jukwaani wala kwenye runinga. Alikuwa anamdhihaki kila mtu bila kusema neno. Alitembea kama mwenyekiti wa kijiji, watu wakaanguka. Alitembea kama mama mmoja jirani yetu aliyekuwa na mikogo, yule mama mwenyewe akalia kwa kucheka. Kisha akasimama tuli, kabisa, ngoma zinapigwa yeye hatikisiki, mpaka tukaanza kuogopa upya. Halafu bega moja tu likaitika ngoma. Bega moja. Uwanja mzima ulipiga ukelele.

Mjomba wangu hakuwepo usiku ule. Aliaga mchana kwamba anakwenda kwa rafiki yake upande wa Kitangari kudai hela ya korosho. Mjomba alikuwa anachechemea. Alianguka kutoka juu ya mkorosho akiwa kijana, mguu wa kushoto ukaunga vibaya, na kila mtu kijijini alimjua kwa mwendo wake hata gizani. Yule wa kinyago hakuchechemea hata hatua moja.

Asubuhi nilipelekwa kumpa mjomba uji. Alikuwa amelala kwenye mkeka, mguu wa kushoto umewekwa juu ya kigoda, umevimba kama papai. Nikamuuliza kulikoni. Akasema njia ya Kitangari ina mawe. Nikamuuliza kama hela alipewa. Akaniangalia muda mrefu, akaomba chumvi.

Huo ndio ushahidi wangu wote. Mhariri yeyote angenirudishia habari hiyo na wino mwekundu.

Mara ya pili kupanda jukwaani ilikuwa chuoni, Dar es Salaam. Kikundi chetu kiliamua kuigiza Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, tamthilia iliyotoka mwaka 1969 na ambayo sidhani kama kuna kikundi cha wanafunzi nchi hii hakijaikosea. Nilipewa nafasi ndogo, mmoja wa wale watu wanaobishana kuhusu maji na vita. Mistari yangu ilikuwa haifiki hata ishirini. Nilikuwa naikariri bafuni, kwenye daladala, usingizini. Niliijua.

Usiku wa onyesho taa zikawashwa, nikapiga hatua mbele, nikamwona mtu ninayeishi naye chumba kimoja amekaa mstari wa mbele. Alinikonyeza. Basi tu. Mistari yote ikaondoka, kama kuku wanavyotawanyika ukirusha jiwe. Nilisimama pale nikiwa mimi, na jina langu, na deni langu la kantini, nimevaa kaniki. Kimya kilichofuata kiliweza kuwa sekunde kumi. Mtu kutoka nyuma akasema kwa sauti, "Maji yamekauka!" Ukumbi ukapasuka. Mwenzangu aliyekuwa anaigiza naye akaniokoa: akanisukuma, akasema maneno yake na yangu pamoja, nikatoka.

Usiku wa pili sikutaka kurudi. Nilirudi kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuziba. Lakini niliomba kitu kimoja: nijipake masizi uso mzima. Mwelekezaji akauliza yana maana gani kwa mhusika, nikabuni maelezo ya kisomi ambayo hata mimi sikuyaelewa. Nikajipaka. Na nikasema kila mstari, tena nikauongezea mwendo wa kuchechemea ambao haumo kwenye kitabu. Watu waliniambia baadaye kwamba mguu ule ndio waliokumbuka.

Nilimpigia mjomba simu. Mtandao wa kijijini ulimlazimu asimame chini ya mwembe mmoja tu, ndipo unaposhika. Nikamweleza usiku wa kwanza na wa pili, nikaacha habari ya mguu. Akasikiliza. Akasema, "Ile siku ya kwanza ulipanda na jina lako." Nikauliza, "Mjomba, wewe umejuaje?" Akajibu kwamba salio linakwisha. Mimi ndiye niliyekuwa nimepiga.

Sikupanda tena. Si kwa machungu. Niligundua tu kwamba niko tayari zaidi kukaa upande wa viti nikiandika. Nimeona mengi huko. Nimemwona Bi Kidude Sauti za Busara, Ngome Kongwe, Zanzibar, miaka michache kabla hajafariki mwaka 2013. Watu walimpenda kwa taarab, kwa umri na kwa sigara yake. Mimi nilikuwa nasubiri ngoma. Yule bibi alikuwa kungwi. Ngoma ya unyago ni siri ya wanawake, na yeye aliitia katikati ya miguu akaipiga mbele ya watalii wenye kamera, na nakuhakikishia hakuna mtalii aliyeondoka na siri yoyote. Nilikuwa nimezoea kuamini kwamba jukwaa lazima likuvue. Yeye alikaa hadharani, jina lake kwenye mabango, na bado alikuwa amefunikwa kuliko wote. Sijui alifanyaje. Nilitaka kumuuliza mjomba, nikaahirisha, unajua tunavyoahirisha.

Mjomba alifariki msimu wa korosho. Familia ikakaa, ikaamua: mwandishi si yupo, aandike wasifu wa marehemu. Nikaandika usiku, kwa taa ya simu, nje, wanawake wanaimba ndani. Kuzaliwa. Shule, darasa la saba. Kazi, mkulima. Mwanakwaya wa sauti ya nne. Kuugua, hospitali alizopelekwa. Watoto, wajukuu. Ukurasa mmoja na robo. Nimeandika mamia ya habari, sijawahi kuandika yenye kweli tupu namna ile na isiyomfanana mwenyewe hata kidogo. Kuna mahali niliandika "pia marehemu alikuwa" nikasimama. Nikakata kwa kalamu mara mbili, ili hata mkono wangu usisomeke.

Nikausoma kaburini. Sauti haikutetemeka, nilisoma kama Lufufu, nikiwa nyuma ya karatasi. Watu walipoanza kutawanyika, mzee mmoja mwenye fimbo akanifuata. Akaniuliza, "Hakuna ulichosahau?" Nikasema, "Sijasahau, babu." Akasema, "Haya," akaondoka na fimbo yake.

Mwaka 1906, vita vya Maji Maji bado vina moshi, Mjerumani Karl Weule alipita Masasi, Newala na Mahuta akiwa na mashine ya kunasa sauti kwenye nta na kamera ya filamu. Alirekodi nyimbo, akapiga picha wacheza vinyago na wacheza juu ya magongo, vitu vingi akavipeleka Leipzig. Kwa hiyo kamera kwetu si mgeni. Siku hizi kila kijana anayo mfukoni, na mwezi uliopita mpwa wangu, mtoto wa dada, alinitumia kipande kwenye WhatsApp. Sekunde arobaini, giza, vumbi, vigelegele. Katikati yuko mmoja wa kinyago. Ngoma zinapigwa, yeye amesimama tuli. Halafu bega moja.

Nimekiangalia mara nyingi kuliko inavyostahili mtu mzima. Naangalia miguu. Miguu yote miwili ni mizima, ya kijana.

Nikampigia. Siku hizi mjomba ni mimi. Akauliza, "Mjomba, umeiona? Umemjua nani yule?"

"Sijamjua," nikasema. "Wewe je? Si ulikuwepo?"

"Mimi sikuwepo, mjomba. Nilikwenda Kitangari. Hiyo video nimetumiwa tu."

Nikamuuliza kama njia ya Kitangari bado ina mawe. Akacheka, akasema salio linakwisha.