Nyumba ya Kipande, Nairobi

Apitaye katika barabara ya Kenyatta mjini Nairobi ataiona nyumba ya mawe iitwayo Kipande House. Ilijengwa mwaka 1913, ikatumika kuwa ghala. Mwaka 1976 ilinunuliwa na benki ya KCB, na watu huingia humo na fedha zao kwa amani.

Lakini na tulitafakari jina lake. Kwa sheria iliyotungwa mwaka 1915, kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitiwa alama za vidole, akapewa kipande, akakivaa shingoni katika kikebe cha chuma. Asiyekuwa nacho alishikwa. Wengi waliandikishwa katika nyumba hii, hata desturi hiyo ilipokomeshwa mwaka 1947.

Mtu aweza kusema, nyumba ya aibu na ibomolewe. Sisi twaona sivyo. Karatasi huliwa na mchwa, na wazee hutuaga, bali ukuta husimama, na mtoto aulizapo, “Mbona yaitwa hivi?” hapana budi ajibiwe. Basi, wazazi na walimu, mpitapo hapo na watoto, msipite kimya.